Umefuta faili kwa bahati mbaya: namna ya kuitoa kwenye bakapu bila kuharibu nyingine

Kabla ya yote, ondoa mkono kwenye kipanya. Faili ikifutwa kwa makosa, uharibifu mkubwa huja dakika chache baadaye, pale mwenye faili anapohangaika kubonyeza kila kitu kinachoandikwa "rejesha". Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Nilifuta hati moja ya kazi, nikakimbilia bakapu (nakala ya akiba) ya usiku uliopita, nikairejesha folda nzima juu ya ile iliyokuwepo. Hati niliyoitaka ilirudi, tena salama kabisa. Shida ni kwamba zilirudi pia hati nyingine zaidi ya kumi katika hali ya jana yake, zikazifunika zile nilizokuwa nimezihariri tangu asubuhi. Nilikuwa nimepoteza faili moja. Nilipomaliza "kuokoa" nilikuwa nimepoteza kazi ya siku nzima.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana bakapu inayojiendesha yenyewe, iwe kwenye diski ya nje, kwenye seva ya ofisi au kwenye wingu. Hatua nimezipanga kwa mfuatano ninaoufuata mwenyewe, na ningeomba usiziruke, hata ile ya pili ambayo watu huiona ya kupoteza muda.

Hatua ya 1: Simamisha vitu vitatu

Cha kwanza ni kuandika kwenye diski ilipokuwa faili. Usipakue kitu, usisakinishe programu, usihamishe video. Kwenye diski za kuzunguka za zamani, kufuta faili huondoa tu jina lake kwenye orodha na kuitangaza nafasi yake kuwa wazi. Data hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwenye SSD, yaani diski mpya zisizo na sehemu inayozunguka, hali ni ngumu zaidi. Mfumo wa kompyuta huipelekea diski amri iitwayo TRIM, yenye maana kwamba vipande vile havihitajiki tena, na diski huvisafisha yenyewe hata kama wewe hujagusa chochote. Ndiyo sababu programu za kufufua faili zilizosifika miaka ya nyuma siku hizi hutoka mikono mitupu kwenye kompyuta nyingi mpya, na ndiyo sababu bakapu imekuwa tegemeo la kweli.

Cha pili ni usawazishaji. Ikiwa folda yako inasawazishwa kati ya vifaa kadhaa, kufuta kwenye kimoja ni kufuta kwenye vyote. Lakini kifaa kilichozimwa hakijapata habari hiyo. Je, una laptopu ya zamani iliyolala kwenye begi tangu wiki iliyopita? Izime Wi-Fi kwenye kipanga njia (router), au nenda nayo mahali pasipo na mtandao wake, ndipo uiwashe. Faili huenda iko pale inakusubiri. Inakili kwenye flashi kabla ya kuirudisha laptopu mtandaoni. Ukiiwasha ikiwa na intaneti, una sekunde chache tu kabla nayo haijatii amri ya kufuta.

Cha tatu husahaulika na karibu kila mtu: usafishaji wa bakapu yenyewe. Mifumo hii hufuta nakala za zamani kwa ratiba ili diski isijae, na haijui kuwa leo wewe unaihitaji ile ya tarehe fulani. Ukigundua leo kwamba faili ilipotea wiki nne zilizopita, inawezekana nakala pekee iliyobaki nayo imepangiwa kufutwa usiku huu. Ingia kwenye mipangilio, sitisha usafishaji. Kama huna ruhusa, mpigie anayesimamia seva na umwombe hilo kabla hujamweleza mengine. Wanaotumia restic, programu ya bakapu inayoendeshwa kwa kuandika amri, wanaweza kuiwekea nakala alama:

`restic tag --add usifute ID-ya-nakala`

kisha kuongeza `--keep-tag usifute` kwenye amri ya `restic forget` inayoendeshwa kila siku. Angalizo dogo: kuweka alama hubadilisha kitambulisho cha nakala hiyo, kwa hiyo iorodheshe upya kabla ya kuendelea.

Hatua ya 2: Andika jina, mahali na saa

Chukua karatasi. Andika jina la faili kadiri unavyolikumbuka, folda ilimokuwa tangu mwanzo wa njia yake hadi mwisho, mara ya mwisho ulipoiona ikiwa nzima, na saa unayodhani ilifutwa. Kama hukumbuki njia, fungua programu uliyoiandikia. Orodha ya hati za karibuni mara nyingi huonyesha ilikokuwa hata kama faili yenyewe haipo tena.

Halafu hakikisha kweli imefutwa. Sehemu kubwa ya "faili zilizopotea" nilizoitwa kuzitafuta zilikuwa zimeburutwa kwa kipanya na kuangukia folda ya jirani, au mfanyakazi mwingine wa ofisi alikuwa amebadilisha jina. Tafuta kwa kipande cha jina, si jina lote. Kwenye folda ya pamoja, uliza wenzako kwanza. Swali moja linaweza kuokoa alasiri nzima.

Kuhusu saa, kuna mtego. Mifumo mingi huandika saa kwa UTC, yaani saa ya marejeo ya kimataifa, si saa ya mahali ulipo. File History, programu ya bakapu iliyomo ndani ya Windows, kwa mfano, huzipa nakala zake majina kama `ripoti (2024_05_14 06_00_12 UTC).docx`. Aliye saa tatu mbele ya UTC akiiona nakala ya "06_00" ataidhani ya alfajiri, kumbe ilichukuliwa saa tatu asubuhi akiwa tayari kazini. Geuza saa kwanza, ndipo uchague.

Hatua ya 3: Pipa la taka kabla ya bakapu

Angalia pipa la kompyuta, kisha la wingu. Hayo ni mapipa mawili tofauti, na watu husahau la pili. Google Drive hutunza vilivyotupwa kwa siku 30. OneDrive ya mtu binafsi ni siku 30 pia, na ile ya kazini au shuleni kwa kawaida ni siku 93. Dropbox hutoa siku 30 kwa akaunti za kawaida na muda mrefu zaidi kwa baadhi ya akaunti za kulipia za kibiashara. Google Photos hushikilia picha zilizokwisha kupakiwa kwa siku 60.

Kwenye Google Drive, faili ya mtu mwingine uliyoshirikishwa, ikifutwa na mmiliki wake, huenda kwenye pipa lake yeye, kwa hiyo usihangaike kulifukua la kwako, mwombe airejeshe. Tena, zipo faili ambazo hazipiti pipani kabisa: zilizofutwa kwa vitufe vya Shift na Delete kwa pamoja, zilizofutwa kwa amri ya `rm` kwenye Linux au Mac, na kwenye Windows zile zilizokuwa kwenye flashi au kwenye folda ya mtandao. Kama yako ni ya kundi hili, endelea moja kwa moja.

Hatua ya 4: Jua ulichonacho ni bakapu ya namna gani

Mtu akiniambia "nina bakapu, kila kitu kiko kwenye wingu", huwa namuuliza: ukifuta kitu hapa, kule kinabaki? Kama kinaondoka, huo ni usawazishaji. Bado una matumaini, kwa sababu huduma nyingi za namna hiyo huweka matoleo ya nyuma ya faili, lakini kwa muda mfupi. Kwenye Google Drive, matoleo ya faili za kawaida, kama PDF au picha, hutunzwa siku 30 au hadi yafike 100, isipokuwa uwe umeliamuru toleo fulani libaki.

Bakapu yenye historia ni kitu kingine. Hii huchukua snapshoti, yaani hali ya folda zako jinsi zilivyokuwa saa ile, na kuzipanga kwa tarehe. Time Machine ya Mac, iliyoanza mwaka 2007, huchukua nakala kila saa kwa saa 24 zilizopita, ya kila siku kwa mwezi uliopita, na ya kila wiki kwa miezi ya nyuma yake. Diski ikijaa, za zamani kabisa ndizo huondoka. File History hunakili kila saa usipobadilisha mpangilio, ila tu diski yake ya nje iwe imechomekwa. Kwenye seva na kompyuta za Linux utakuta restic, Borg (programu nyingine ya bakapu ya aina hiyo) au snapshoti za ZFS, mfumo wa faili unaojichukulia snapshoti wenyewe.

Tazama kwa makini huo mtindo wa saa, siku, wiki, maana ndimo watu wanapopotezea faili bila kuelewa kwa nini. Tuseme uliandika hati saa nne asubuhi ukaifuta kwa makosa saa nane mchana. Nakala za kila saa zimeinasa, hata mara tatu au nne. Lakini kesho nakala hizo za kila saa hupunguzwa ikabaki moja ya siku. Kwenye restic, `--keep-daily` hubakiza nakala ya mwisho ya siku husika, ambayo ilichukuliwa usiku, wakati hati yako haipo tena. Kwa hiyo faili iliyoishi saa nne tu inaweza kuwa kwenye bakapu leo na kutoweka kesho, na mfumo ukawa umefanya kazi yake bila kosa lolote. Faili ya namna hii ifuatilie siku ileile. Iliyokaa miezi kadhaa kabla ya kufutwa haina haraka hiyo.

Hatua ya 5: Chagua nakala iliyo sahihi

Unatafuta nakala ya mwisho iliyochukuliwa kabla ya kufutwa. Nakala mpya kuliko zote haikufai, kwa kuwa imechukuliwa faili ikiwa imeshaondoka. Linasikika jambo dogo, lakini nimeona mtu akifungua bakapu ya jana, akakosa faili iliyofutwa juzi, akahitimisha kuwa bakapu ni mbovu na kuifunga.

Kama faili haikufutwa ila iliharibiwa, yaani mtu alihifadhi ukurasa mtupu juu ya ripoti yenye kurasa arobaini, rudi nyuma nakala moja baada ya nyingine ukitazama ukubwa wake. Kilobaiti 900, 905, 911, halafu ghafla 14: umepata mahali ilipoharibika, na unayoitaka ni ile ya 911.

Kwenye restic huna haja ya kufungua nakala moja moja:

`restic snapshots`
`restic find "ripoti*"`

Amri ya kwanza huorodhesha nakala na tarehe zake, ya pili hukwambia faili yenye jina hilo imo katika zipi. Kwenye ZFS, ingia folda iliyofichwa ya `.zfs/snapshot` kwenye mzizi wa mfumo wa faili. Kila snapshoti ni folda ya kawaida unayoweza kuisoma na kunakili. Kwenye Mac, fungua folda ilimokuwa faili, ingia Time Machine, rudi nyuma kwa tarehe. Kwenye Windows, mbonyezo wa kulia juu ya folda iliyoibeba faili, kisha sifa zake, hukuletea kichupo cha matoleo ya awali kama kipengele hicho kimewashwa.

Kuna njia ya File History ambayo wengi hawaijui. Kama kompyuta yenyewe imekufa, chomeka diski ya nje kwenye kompyuta nyingine, fungua folda ya `FileHistory`, na utaziona nakala zako kama faili za kawaida zenye tarehe kwenye majina. Nakili unayoitaka, ondoa tarehe kwenye jina, basi.

Hatua ya 6: Rejesha pembeni, kamwe si juu ya iliyopo

Ndilo kosa nililoanza nalo. Tengeneza folda tupu, uiite `kurejesha`, ikiwezekana kwenye diski nyingine, na kila kinachotoka kwenye bakapu kitue humo.

`restic restore ID-ya-nakala --target /mnt/kurejesha --include /home/mimi/hati/ripoti.docx`

Ukisahau `--include`, restic itarejesha nakala nzima, na folda yako ya pembeni itajaa mpaka diski ilie. Kwenye Borg kuna hatari nyingine: amri ya `borg extract` hutoa faili kwenye folda uliyosimama wakati huo. Ukiwa umesimama kwenye mzizi wa diski, itaandika juu ya vilivyopo. Ingia kwanza kwenye folda tupu, jaribu kwa `--dry-run --list` uone kitakachotoka, ndipo uiendeshe kweli. Na njia ndani ya Borg huandikwa bila mkwaju wa mwanzo: `home/mimi/hati`, si `/home/mimi/hati`.

Kwenye File History chagua kurejesha mahali pengine. Lile duara la kijani la katikati hurudisha faili pale ilipotoka. Time Machine ikikuta faili yenye jina lilelile itakuuliza; chagua kubaki na zote mbili. OneDrive ina uwezo wa kurudisha hifadhi nzima ilivyokuwa siku yoyote ndani ya siku 30 zilizopita. Huo ni msaada mkubwa kama virusi vimekula folda zote, lakini kwa faili moja ni kubomoa nyumba kwa sababu ya msumari: kazi zote ulizofanya tangu siku ile nazo zitarudi nyuma.

Bakapu iliyosimbwa haifunguki bila nywila au ufunguo wake, na hakuna fundi wa kukusaidia hapo. Ukiipata nywila leo baada ya kuitafuta nusu siku, iandike mahali pasipo kompyuta hiyohiyo.

Hatua ya 7: Fungua kabla ya kushangilia

Kuona jina la faili hakutoshi. Ifungue, shuka hadi ukurasa wa mwisho, kwenye lahajedwali angalia kama hesabu bado zinafanya kazi, kwenye video rukia katikati. Kwa folda nzima, amri ya `diff -r` itakuonyesha tofauti kati ya iliyorejeshwa na iliyopo, nawe utahamisha zile tu zinazokosekana.

Hifadhidata ni kesi ya pekee. Faili zake zikinakiliwa wakati inaendelea kuandikwa, nakala inaweza kuwa na nusu ya muamala huu na nusu ya ule. Irejeshe kwenye seva ya majaribio, uiwashe, usome kumbukumbu za makosa, kisha uulize rekodi unazozijua. Na ikiwa ulirejesha kwa akaunti ya msimamizi, angalia umiliki wa faili: tovuti nyingi zimegoma kuwaka baada ya bakapu kurejeshwa vizuri kabisa, kisa seva ya wavuti hairuhusiwi kuzisoma faili zake.

Kama haimo kwenye bakapu

Mara nyingi folda haikuwahi kujumuishwa. File History hufuata folda za mtumiaji. Ile uliyoiunda moja kwa moja kwenye C haiigusi mpaka uiongeze. Au diski ya nje ilichomolewa miezi mitatu iliyopita na kazi ya bakapu ikawa inashindwa kimyakimya.

Ukimya huo hauwapati wasiojua tu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni yenye huduma ya kutunza msimbo wa programu, akishughulikia tatizo la hifadhidata alifuta folda kwenye seva isiyo sahihi. Alipositisha amri, katika takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5. Walipoigeukia bakapu ya kila siku walikuta hifadhi yake haina kitu: programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo lisilolingana na la hifadhidata, ikawa inashindwa, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zinakataliwa na mfumo wa barua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyohuyo alikuwa ameichukua kwa mkono saa kama sita kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine.

Kwa hiyo nawe tafuta nakala zilizochukuliwa kwa shughuli nyingine. Ulimtumia nani faili hiyo? Angalia barua pepe zilizotumwa, mazungumzo ya simu, flashi uliyopeleka kuchapisha, PDF uliyoitoa kabla ya kikao. Programu za ofisi huweka pia matoleo ya kujihifadhi zenyewe. Toleo la wiki iliyopita lililokaa kwenye barua pepe ni bora kuliko kuandika upya.

Programu ya kufufua faili iwe ya mwisho, na kwa diski ya kuzunguka zaidi kuliko SSD. Iendeshe kutoka diski nyingine, na inachokipata kiandikwe diski nyingine pia. Diski ikianza kugonga au kukwaruza, izime, mpelekee mtaalamu. Kila dakika ya kuizungusha inaikwaruza zaidi.

Kurudisha mambo kama yalivyokuwa

Hamisha faili iliyokaguliwa hadi mahali pake. Washa usawazishaji kwenye kifaa kimoja kwanza, ukitazama orodha ya mabadiliko: ikionyesha inataka kufuta mamia ya faili, kisimamishe hapohapo na uangalie kilichoharibika. Kikitulia, washa vingine. Endesha bakapu mpya kwa mkono, hakikisha faili imo, ndipo uondoe alama ya `usifute` na kuruhusu usafishaji uendelee kwa ratiba yake. Folda ya `kurejesha` iache wiki moja hivi. Mara nyingi siku ya tatu ndipo mwenzako anapokuja kuuliza hati nyingine iliyokuwa kwenye folda ileile.